Kutembelea Maabara na Nyumba ya Edison: Maswali Wanayouliza Wazanzibari Mara kwa Mara

Nasomesha fizikia skuli ya sekondari hapa Unguja, na kwa upande mwengine ni mpenzi mkubwa wa santuri za zamani. Mambo hayo mawili yamenifanya niwe mtu wa kuulizwa kila anapotokea Mzanzibari anayekwenda New York au New Jersey kusoma au kumtembelea jamaa, akasikia kuwa maabara ya Thomas Edison bado ipo na watu wanaingia. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Mengine yameulizwa na wanafunzi, mengine na wazee wao, na nimeyaacha karibu na namna yalivyoulizwa.

Maalim, mahali penyewe ni wapi hasa? Nikitafuta naona majina manne tafauti.

Majina yote manne ni ya kweli, lakini sehemu ninayoizungumzia mimi ni moja: West Orange, jimbo la New Jersey, chini ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji la New York. Hapo Edison alijenga maabara yake kubwa mwaka 1887, na karibu yake kuna nyumba aliyoishi mpaka kufa, inayoitwa Glenmont. Vyote viwili ni hifadhi ya taifa inayosimamiwa na serikali ya Marekani.

Menlo Park, ambayo nayo iko New Jersey, ndiko alikokuwa na maabara kabla ya hapo, kuanzia 1876. Majengo yake ya asili hayapo tena. Pamebaki mnara wa kumbukumbu. Dearborn, jimbo la Michigan, ndiko Henry Ford alikoijenga upya maabara ya Menlo Park na kuifungua mwaka 1929 kama sehemu ya makumbusho yake. Na Fort Myers, Florida, ni nyumba ya Edison ya kukimbilia baridi. Ukikata tiketi ya treni kwenda Menlo Park ukidhani utaikuta ile maktaba yenye dawati lake, utakuta mnara tu.

Hapo West Orange ndipo taa ya umeme ilipovumbuliwa?

Hapana, na hili naliweka mbele makusudi kwa sababu watu wengi wanakwenda kuitafuta taa tu.

Taa yake iliyofanikiwa ilitoka Menlo Park mwaka 1879. Tena hakuwa peke yake wala wa kwanza kufikiria waya unaong'aa ndani ya chupa isiyo na hewa. Joseph Swan wa Uingereza alikuwa njia hiyo hiyo. Alichofanya Edison kikubwa zaidi ni kuunganisha mambo yote: globu inayodumu, jenereta, nyaya, mita, swichi, mpaka mtaa mzima ukawaka. Kituo chake cha Pearl Street, New York, kilianza kutoa umeme tarehe 4 Septemba 1882. Mwaka uliofuata, 1883, ndipo Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib pale Forodhani, jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Kwa hiyo visiwa hivi havikuchelewa sana kuiona taa. Vilichelewa kuifikisha Ng'ambo na mashamba.

West Orange ilikuja baada ya taa kumpa Edison jina na fedha. Aliijenga iwe kubwa mara kumi kuliko Menlo Park, akitaka mahali ambapo wazo likiingia asubuhi, mafundi waanze kulichonga mchana. Yaliyotoka hapo ni fonografu iliyoboreshwa, yaani mashine ya kunasa sauti na kuirudisha, kamera na mashine ya kutazamia picha zinazokwenda, betri ya nikeli na chuma iliyomgharimu takriban miaka kumi ya kazi, na mengine mengi. Hataza zake za Marekani, yaani haki za uvumbuzi zilizosajiliwa kwa jina lake, zilifika 1,093. Lakini ukizunguka majengo yale utaona wazi kuwa jina lilikuwa moja na mikono mingi.

Kwa hiyo niangalie nini? Nina saa chache tu.

Anza na jengo kubwa la matofali mekundu, lenye ghorofa tatu.

Mlangoni kuna saa ya kupigia kadi za wafanyakazi. Edison mwenyewe, mwenye kampuni, alipiga kadi kama fundi mwengine yeyote. Usiipite mbio.

Ukiingia maktaba utasimama bila kutaka. Ni chumba kirefu cha mbao cha kwenda juu, na vitabu vimezunguka ukumbi kwenye roshani mbili juu ya sakafu. Katikati kuna dawati lake lenye kifuniko cha kukunja na vijishimo vingi vya kuwekea karatasi. Na kati ya makabati, mahali ambapo ungetarajia vitabu zaidi, kuna kitanda chembamba. Mkewe, Mina, alikiweka pale kwa sababu mume alikuwa akilala popote: juu ya meza, juu ya benchi, sakafuni. Wanafunzi wangu wanapenda kusikia kuwa Edison hakulala. Alilala sana, kilichokosekana ni mpangilio wa saa.

Jirani ni stoo, na hapa nakuomba ukae. Edison alitaka fundi asisubiri meli kwa ajili ya kitu kidogo, kwa hiyo alijaza stoo ngozi za wanyama, pembe, mifupa, manyoya, magome, madini, nyuzi, kemikali, skrubu za kila saizi. Mwenye asili ya Zanzibar ataielewa stoo ile upesi. Wakati Edison anazaliwa, mwaka 1847, majahazi ya Salem, Massachusetts, yalikuwa yamekwisha zoea bandari yetu, yakichukua pembe za ndovu na sandarusi na kuleta kitambaa cha amerikani. Bidhaa za namna ile zilikuwa malighafi ya viwanda vya New England, na stoo ya West Orange inaonesha mahitaji ya viwanda hivyo yalivyokuwa mapana.

Kisha karakana. Ya chini ni ya kazi nzito: mashine za kukerezea na kutobolea zimepangwa safu, na juu ya dari kuna mihimili ya chuma inayozunguka, kila mashine imeunganishwa na mhimili kwa mkanda wa ngozi. Injini moja iliendesha chumba kizima. Fundi akitaka mashine yake izunguke anausukuma mkanda kwa fimbo kutoka gurudumu tupu kwenda gurudumu linalofanya kazi. Ghorofa ya pili kuna karakana ya kazi ndogo, ya vipande vya kupimwa kwa unywele. Mtu aliyewahi kusimama kwa mafundi wa mashine pale Saateni atajua anachokitazama bila kuhadithiwa.

Nje, katika majengo madogo ya ghorofa moja, ingia maabara ya kemia. Chupa na mirija viko mezani, na meza zenyewe zimeungua na kuliwa na asidi. Edison alijihesabu kuwa mwanakemia kuliko kitu chengine chochote.

Na kama una nguvu ya kupanda sehemu moja tu, panda ghorofa ya tatu kwenye chumba cha muziki. Sababu nitaieleza katika jibu linalofuata.

Maalim husema kila siku kuwa Siti binti Saad na Edison wanahusiana. Vipi?

Hawakukutana, na santuri za Siti hazikutoka kwa Edison. Uhusiano wao ni wa mashine, na ni wa kweli.

Mwishoni mwa 1877, Menlo Park, Edison alizungushia silinda karatasi ya bati, akaweka sindano iliyoshikana na utando mwembamba, akasema ndani ya mdomo wa mashine beti za wimbo wa watoto huku akizungusha mpini. Sauti ilitikisa utando, utando ukasukuma sindano, sindano ikachimba mabonde kwenye bati. Aliporudisha sindano mwanzo na kuzungusha tena, mabonde yakaisukuma sindano, sindano ikautikisa utando, na mashine ikamrudishia maneno yake. Kabla ya siku hiyo, tangu dunia kuumbwa, hapakuwa na sauti ya mtu iliyosikika tena baada ya kwisha kutamkwa.

Bati lilichakaa upesi. Kazi ya kuifanya mashine iwe ya maana ilifanyika West Orange: silinda za nta badala ya bati, mota ya mwendo sawa, sindano bora. Kuna picha maarufu ya Juni 1888 ambapo Edison amekaa na fonografu mpya, kichwa kwenye mkono, baada ya kukesha nayo siku kadhaa.

Wakati huo huo mtu mwengine, Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alisajili mwaka 1887 mashine yake aliyoiita gramafoni. Yeye aliacha silinda akatumia sahani bapa, na mfereji wake ulikwenda upande kwa upande badala ya juu na chini. Sahani ni rahisi kuchapwa kwa wingi na rahisi kuhifadhi, na hiyo ndiyo njia iliyoshinda. Kampuni zilizotokana na kazi ya Berliner ndizo zilizozaa kampuni ya santuri ya His Master's Voice (HMV), na ni HMV iliyomrekodi Siti na wenzake Bombay mwaka 1928. Mtoto wa Fumba, aliyezaliwa mwaka 1880 katika familia ya watu waliokuwa watumwa, sauti yake ikapanda meli ndani ya sahani na kurudi kuuzwa pwani yote ya Afrika Mashariki, kwa Kiswahili. Watu waliozoea kusikia santuri za Misri na India wakasikia lugha yao wenyewe.

Edison aliishikilia silinda muda mrefu mno. Alipoingia kwenye sahani, mwaka 1912, alitengeneza sahani nene zenye mfereji wake wa juu na chini, za kuchezwa kwa sindano ya almasi. Sauti yake ilikuwa safi sana, lakini sahani hizo hazikuchezeka sawasawa kwenye mashine za wengine. Na alitaka kuwachagua waimbaji mwenyewe, hali ya kuwa masikio yake hayakuwa mazima, na hakupenda sauti inayotetema. Nadhani sauti zetu za taarabu zingempa tabu. Mwaka 1929, mwaka mmoja baada ya Siti kurekodi, kampuni yake ikaacha kabisa biashara ya kurekodi muziki.

Haya yote yako kwenye chumba cha ghorofa ya tatu. Hapo walisimama waimbaji mbele ya pembe kubwa za kunasa sauti. Hapakuwa na maikrofoni: mwenye sauti ndogo anasogea, mwenye tarumbeta anarudi nyuma, na sauti yenyewe kwa nguvu zake ndiyo inayochimba nta. Walinzi wa hifadhi huwa na fonografu ya kuwaonesha wageni. Ukiikuta inachezwa, usikilize kwa karibu na pembe, kisha urudi mwisho wa chumba. Utasikia namna sauti isiyokuzwa na umeme inavyoweza kujaza chumba.

Ukienda pale kutoka Zanzibar na ukasikiliza jambo moja tu, lisikilize hilo.

Ni kweli alikuwa kiziwi?

Alikuwa na uziwi mkubwa tangu utotoni. Hakuzaliwa nao, na hakuwa kiziwi kabisa. Alikuwa akiuma ubao wa mashine au wa piano kwa meno ili sauti imfikie kupitia mifupa ya taya. Hii ni fizikia sahihi; nawafanyisha wanafunzi wangu kwa uma wa sauti uliowekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Hakupata skuli ila miezi michache. Mama yake, Nancy, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyemsomesha nyumbani.

Na Tesla? Chumba chake kipo?

Hakipo, kwa sababu Nikola Tesla, mvumbuzi mwengine wa mambo ya umeme, hakufanya kazi West Orange. Aliajiriwa na kampuni ya Edison New York mwaka 1884 na akaondoka kabla maabara hii haijajengwa. Ukimtafuta Tesla, maabara yake ya Wardenclyffe iko Shoreham, Long Island.

Huwa naulizwa hapo hapo nani alikuwa na haki kuhusu umeme. Edison alitetea mkondo mnyoofu (DC), unaokwenda upande mmoja tu; Tesla na mwenye viwanda George Westinghouse wakatetea mkondo geu (AC), unaogeuka upande kila mara, na mkondo geu ukashinda kwa sababu volti zake hupandishwa na kushushwa kirahisi kwa transfoma, hivyo husafiri mbali. Umeme unaofika Unguja chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba tangu 1980 ni mkondo geu. Sisi tuliokaa gizani miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya ule ulipoharibika, hatuhitaji kuhadithiwa maana ya umeme kusafiri mbali.

Nimesikia aliua wanyama kwa umeme. Nimpeleke mwanangu mahali kama hapo?

Mpeleke, na umwambie ukweli. Mwaka 1888, katika vita vya kuupaka matope mkondo geu, mbwa na baadaye ndama na farasi waliuliwa kwa umeme katika maabara hiyo hiyo ya West Orange. Kazi hiyo iliendeshwa na Harold Brown, na Edison aliiruhusu na kuisaidia. Ni doa, na halifutiki. Ile habari ya ndovu Topsy, aliyeuliwa Coney Island mwaka 1903, ni nyengine: kampuni ya filamu yenye jina la Edison ilipiga picha, lakini yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye biashara ya umeme siku nyingi, na vita vile vilikuwa vimekwisha.

Kuna kisa kimoja ambacho kwangu kina uzito zaidi, na wageni wengi wanakipita. Baada ya miale ya eksirei kugunduliwa mwaka 1895, Edison alianza kutengeneza kifaa cha kuitazamia. Fundi wake wa kupuliza vioo, Clarence Dally, ndiye aliyekuwa akiijaribu mirija, akiweka mkono wake mwenyewe mbele ya miale siku baada ya siku kuona kama picha ni nzuri. Hakuna aliyejua inachofanya. Nywele zikapukutika, ngozi ikaungua, vidonda vikakataa kupona. Mkono mmoja ukizidi kuumia anaupumzisha na kutumia mwengine. Mwishowe alikatwa mikono yote miwili, na alifariki mwaka 1904 akiwa hajafika miaka 40. Edison akaacha kazi ya eksirei na akaiogopa mpaka mwisho wa maisha yake. Ukisimama mbele ya zile meza za vioo, mkumbuke Dally kwa jina.

Katika hao mafundi, hapakuwa na mtu mweusi?

Alikuwepo Lewis Latimer. Alizaliwa mwaka 1848 Massachusetts. Wazazi wake, George na Rebecca, walitoroka utumwani Virginia mwaka 1842. Alijifundisha uchoraji wa mitambo, akachora michoro ya hataza ya simu ya Alexander Graham Bell, na mwaka 1882 akapata hataza ya njia bora ya kutengeneza nyuzi za kaboni za ndani ya globu, akiwa na kampuni shindani. Mwaka 1884 akajiunga na Edison, ambako ujuzi wake wa michoro na wa sheria za hataza ulitumika mahakamani. Mwaka 1890 alitoa kitabu kuhusu mwangaza wa umeme.

Kazi yake ilikuwa zaidi New York kuliko West Orange, kwa hiyo usitarajie kumuona sana maabara. Lakini nyumba yake imehifadhiwa Flushing, mtaa wa Queens, New York, na imefanywa makumbusho. Mimi namshauri kila Mzanzibari: ukitenga siku moja kwa Edison, tenga nusu siku kwa Latimer. Ni nyumba ndogo ya mbao. Ukiiona baada ya Glenmont utajua mengi bila ya mtu kukueleza.

Glenmont yenyewe ikoje?

Ni jumba la vyumba 29, la matofali mekundu na mbao, lenye mapaa yaliyokatwa kila upande, lililojengwa kati ya 1880 na 1882 kwa mtu mwengine aliyekuja kugundulika kuwa ameiba fedha za mwajiri wake. Edison alilinunua mwaka 1886, pamoja na samani zake, kumkaribishia mke wake wa pili, Mina Miller. Mke wa kwanza, Mary Stilwell, alikuwa amefariki 1884 na kumuachia watoto watatu. Mina alikuwa na umri wa miaka 20. Alikabidhiwa nyumba, watumishi, watoto wa mwenzake, na mume asiyejua saa ya chakula. Akazaa watatu wake. Aliiendesha nyumba ile kama ofisi, na alitaka kazi hiyo ihesabiwe kazi. Nyumba ilikuwa kwa jina lake tangu 1891.

Vitu vya ndani ni vyenyewe, si vya kuigiza. Chini ni vyumba vya wageni, vizito na vyeusi kidogo kwa ladha yangu. Juu kuna sebule ya familia, na hapo nyumba inakuwa ya watu: dawati la mume, dawati la mke, vitabu vya watoto. Edison alifariki humo ndani tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na miaka 84. Yeye na Mina wamezikwa nyuma ya nyumba, makaburi mawili ya bapa kwenye majani. Walihamishiwa hapo mwaka 1963.

Usiache gereji. Ni ya zege tupu, ya 1908, kutokana na imani yake kuwa nyumba zinaweza kumiminwa kwenye kalibu. Ndani kuna nafasi ya kuchajia gari za umeme, zaidi ya miaka mia kabla ya hizi zinazoanza kuonekana barabara za Mjini.

Jambo la kuzingatia: Glenmont imo ndani ya Llewellyn Park, mtaa wa faragha wenye geti na mlinzi. Huendi moja kwa moja. Unapita kwanza maabara, unapata kibali, ndipo unaruhusiwa. Na nyumba haifunguliwi siku zote ambazo maabara iko wazi, kwa hiyo tazama tovuti ya hifadhi wiki hiyo hiyo unayokwenda. Mzunguko mzima, maabara na nyumba, utakuchukua nusu siku nzuri.

Sinema nayo ilianzia hapo?

Kwa Marekani, ndiyo. Uwanjani kuna banda jeusi la kuchekesha kwa umbo, lililofunikwa karatasi ya lami. Ni nakala ya 1954 ya studio iliyojengwa 1893. Ile ya asili ilivunjwa 1903. Paa lake linafunguka na banda zima lilizungushwa juu ya reli kulifuata jua, maana taa za wakati ule hazikutosha. Kamera yenyewe ilikuwa kazi ya msaidizi wake, W. K. L. Dickson, kwa sehemu kubwa. Wazee waliopanga foleni Majestic pale Vuga wana haki ya kuliona banda hilo.

Viza, na njia ya kufika?

Maombi ya viza yanapitia ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Masharti yanabadilika, wakati mwengine ghafla, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kwa habari za barazani, wala kwa maandishi yangu haya.

Ukishafika, uwanja wa ndege wa karibu ni Newark. Kutoka New York chukua treni mpaka kituo cha Newark Penn, kisha basi namba 21 la NJ Transit linalokwenda West Orange kwa barabara ya Main Street. Maabara iko namba 211 barabara hiyo hiyo. Si safari ngumu kwa aliyezoea kuunganisha daladala Darajani. Kwa Glenmont gari inasaidia, ingawa masafa kutoka maabara hayafiki kilomita mbili.

Sala na chakula?

Hakuna mkahawa ndani ya hifadhi, kula kabla au beba. Newark na East Orange zina misikiti mingi na maduka ya chakula cha halali, kwa hiyo panga adhuhuri yako huko kabla ya kupanda basi, au uswali unaporudi. Disemba hadi Februari baridi ni kali na njia kati ya majengo ni ya nje; koti la kuazimwa na jamaa linatosha, lakini viatu viwe vya kweli, si makubadhi.

Bibi yangu magoti hayamruhusu ngazi.

Jengo kubwa lina lifti. Glenmont ina ngazi za kupanda ghorofa ya juu, kwa hiyo uwaulize walinzi mapema. Ni watu wema. Ndio wale wenye kofia pana.

Watoto watachoka?

Chini ya miaka saba, pengine. Kwa wakubwa kuna kijitabu cha mazoezi kinachotolewa bure. Mtoto akijaza majibu huku anazunguka, anaapishwa mlinzi mdogo wa hifadhi na kupewa beji. Mpe pia kazi kutoka kwako. Mwambie atafute vitu vitano ambavyo hajui vinatumika kwa nini, aulize kimoja kimoja. Stoo peke yake itammaliza.

Niko Wete, sina viza wala nauli, lakini nataka kujua haya. Nifanyeje?

Swali hili ndilo linaloulizwa na wengi, na lina jibu zuri.

Tovuti ya hifadhi ina rekodi za Edison unazoweza kuzisikiliza na kuzipakua bure, silinda na sahani. Chuo Kikuu cha Rutgers kimeweka mtandaoni sehemu kubwa ya karatasi zake: madaftari ya maabara, barua, michoro. Karatasi zilizohifadhiwa West Orange zinafika takriban kurasa milioni 5. Madaftari ndiyo ninayoyapenda zaidi. Utaona mstari umechorwa, umekatwa, umechorwa tena, na majina ya mafundi waliotia saini pembeni.

Na hapa nyumbani usiache kilichopo. Redio ya ZBC, iliyoanza kama Sauti ya Unguja, ina hazina ya kanda za taarabu. Chuo cha muziki katika jengo la forodha ya zamani, Mizingani, kinafundisha ganuni, udi na fidla kwa vijana. Maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe huwa na gramafoni za mkono. Muombe mwenye duka kwa adabu akuruhusu kutazama chini ya kichwa cha sindano, hata kama hununui.

Walimu wenzangu wa Pemba na Unguja wanaoniuliza kuhusu jaribio la darasani: tafuteni sahani ya zamani iliyokwisha kuharibika, maana jaribio litaikwaruza. Kunjeni karatasi ngumu kuwa pembe, toboeni ncha yake kwa sindano ya kushonea na muigandishe imara. Zungusheni sahani taratibu na kwa mwendo sawa juu ya kitu kinachozunguka, kisha muiegemeze sindano kwenye mfereji bila kuikandamiza. Hakuna betri, hakuna waya, na darasa zima litasikia wimbo. Kabla hamjaendelea na somo, muulizeni mwanafunzi wa mbele aguse pembe ya karatasi kwa kidole na aseme anahisi nini.